Ufunguo

Mlangoni pa kanisa, hapa Hindi, Lamu bara,
Konstebo Ekiru ananipitishia kifaa chake.
Kinalia kiunoni.
Natoa ufunguo.
"Wa nyumba ipi, mama?"
Ile ya usiku ule. Kimebaki kizingiti
na mpapai uliojiotea palipokuwa jiko.
Haulizi tena.

Ndani, katekista anasoma taratibu,
kidole chini ya kila neno;
mimi nahesabu viti vitupu, mazoea mabaya.
Kisha: tupeane amani.
Nashika mkono wa Mbeyu, wa mwanawe,
wa mgeni aliyekohoa ibada nzima,
halafu miguu yangu inatoka nje
kwa mwenye bunduki.

Anasita. Anaihamishia bega la pili,
ananipa kiganja kilicholoa jasho.
Kitambo hicho
mlango haulindwi na mtu,
nami siogopi.