Ripoti ya Chupa 417

Raivis, ripoti rasmi utaipata Ijumaa.
Ina muhuri, ina sahihi ya Daktari Heldur,
ina safu ya namba isiyo na huruma wala ukatili.
Hii ninayokuandikia haina bei kwenye orodha yetu.

Chupa yako ilifika Tartu kwa basi la usiku kutoka Riga,
imejaa maji yake ya waridi hadi shingoni,
imeviringishwa kwa taulo la jikoni.
Kwenye fomu: seli za ovari, saratani,
mwanamke, miaka arobaini na minne.
Na chini, kwa kalamu nyingine:
"Samahani kwa haraka. Makala inangoja."

Niliziacha zipumzike siku mbili kwenye joto la mwili,
kisha nikazitilia dawa ya kuzisimamisha
pale pale zilipokuwa zikijigawa,
kama mtu aliyeitwa jina mguu mmoja ukiwa hewani.
Nikazinywesha maji mepesi, zikavimba.
Nikapanda kigoda
(ndiyo, bado napanda kigoda, vijana hapa wananicheka)
nikaachia tone kutoka juu.
Likapasuka kwenye kioo.
Nikakipumulia.
Hakuna mashine inayopumua hivyo.

Zamani tulikata picha kwa mkasi, tukabandika kwa gundi.
Jioni moja, mezani, juu ya supu ya kabichi,
mume wangu aliikuta kromosomu ya saba
imenasa kwenye sweta yangu.
"Ya nani hii?"
Sikujua. Huku hatuletewi majina.

Siku hizi skrini hupanga, mimi hukagua.
Seli ya kwanza: sitini na moja. Sikushtuka.
Saratani haijui kuhesabu. Hukopa hapa, hurarua pale,
hushona mkono wa tatu kwenye bega la tisa.
Fujo nimeizoea, fujo ndiyo mshahara wangu.
Lakini pembeni, jirani na ile ya ishirini na mbili,
palikuwa na kijiti kifupi, cheusi miguuni.

Y.

Nikasema ni uchafu wa rangi. Nikafuta lenzi.
Seli ya pili, Y. Ya tano, Y.
Nikaenda kunywa kahawa, nikarudi.
Ya ishirini, Y.

Raivis, huyu si mwanamke wako.
Huyu ni mwanamume fulani
aliyeingia kwa pipeti iliyochovya mara mbili,
au kwa lebo iliyofutika ndani ya jokofu,
akala, akajaa, akamsukuma mwenye nyumba nje.
Mgeni amekuja. Mwenyeji hakupona.

Heldur anasema sisi tunauza hesabu, hatuuzi pole.
Sawa. Lakini namba ya simu uliiandika mwenyewe,
na jana nilipiga.
Ulinyamaza mpaka nikaisikia friji yako ikinguruma.
Miaka mitatu, ukasema. Halafu, kwa sauti ya mtoto,
ukauliza kama ningeweza kuangalia tena.

Nimeangalia tena. Sitakutoza.

Sasa sikiliza. Nenda kwenye tangi la naitrojeni,
shuka hadi chini kabisa, vaa glavu,
utafute kichupa cha kwanza,
kile kilichogandishwa wiki aliyolazwa,
kabla mkono wa mtu yeyote haujachoka.
Kizike kwenye barafu kavu, unitumie.
Basi huondoka kwenu saa tano usiku.
Mto wetu umeganda na stendi ni mbali,
lakini nina buti za marehemu, nikizivaa na soksi mbili
zinanitosha.

Siahidi kitu.
Huenda hata humo yule bwana alishamtangulia.
Lakini kama yumo, nitamtambua:
X mbili, au moja na kipande.
Kigoda nimekiacha pale pale.

Virve