Pasaka, Kakheti

Mayai ameyachemsha kwa maganda ya vitunguu,
yakatoka mekundu kama vidole vyake.
Eteri amepiga magoti kwenye umande,
analiviringisha moja juu ya udongo wa Zurabi:
"Kristo amefufuka."
Anatega sikio.
Miaka arobaini mume huyu alichelewa kuitika,
hata akiitwa mezani.

Padri alieleza jiwe, sanda, malaika.
Swali lake Eteri hakulitoa:
mwili utakaofufuka,
utarudi na kile kikohozi?
Maana bila hicho, gizani,
atamtambuaje?

Yai limesimama penye majani machanga ya ngano
aliyoyapanda kwenye sahani, wiki tatu,
akiamka usiku kuyachungulia.

"Kweli amefufuka," anamjibia,
kama alivyozoea kumjibia
mbele ya wageni.