Tisa Kwenda, Tisa Kurudi

Jaji alituuliza, wazee wa baraza watatu,
mimi peke yangu mwanamke, mpika vitumbua wa Makorora:
hasira hupoa baada ya muda gani?

Sheria, alisema, inamjua mtu wa kawaida.
Mtu huyo akitukanwa, damu ikampanda,
akaua kabla haijashuka,
ameua, ila si kwa kukusudia.
Akishapata nafasi ya kupoa, ni kitanzi.

Wakili wa Serikali akakunjua ramani ya Ngamiani.
Barabara ya Sita, mbele ya wacheza karata,
Mbaruku alimwambia mkewe
kwamba mtoto waliyemzika Jumanne
hakumlilia, kwani hakuwa wake.
Mwanamvua hakujibu. Akaondoka.
Mchi ulikuwa nyumbani, Barabara ya Kumi na Tano.

Tisa kwenda. Tisa kurudi.
"Mheshimiwa, barabara kumi na nane! Hata uji hupoa."

Na kwenye ya Kumi, Bi Chausiku alimsalimu: "Za mchana?"
"Salama."
Na kwenye ya Kumi na Mbili alimlipa mwenye duka
deni la mafuta ya taa, akatoa mia tano,
akasubiri chenji.
"Aliyepandwa na damu husubiri chenji?"

Watu wakacheka. Mwanamvua alitazama viganja vyake
kama anayesoma barua isiyo yake.

Kesi ikaahirishwa hadi asubuhi.
Sikwenda nyumbani. Nilianzia ya Sita,
nikahesabu kwa miguu: ya Saba, fundi cherehani;
ya Nane, maji machafu, nikaruka;
ya Tisa
nikamkumbuka mama, siku maiti ya kaka ilipoletwa kutoka Pongwe.
Aliwauliza wachukuzi kama wamekula.
Akapakua wali, akawanawisha mmoja mmoja,
akamwambia wa mwisho, "Ongeza mchuzi, baba."
Mkono ulipakua. Mwenyewe hakuwepo.
Alirudi baada ya arubaini,
akauliza nani amemaliza mchele.

Salama. Sisi hapa hata roho ikiwa kooni
tunasema salama, kisha tunakata roho.
Nani alimfundisha wakili salamu?

Lakini Mbaruku naye ana mama.
Alikaa benchi la nyuma, kanga kichwani,
na mchi ni mzito. Kuubeba barabara tisa
lazima uhamishe bega.

Hapo ndipo nilipokwama, kwenye bega.

"Mama Sharifa, kwema huko?"
"Kwema," nikasema,
na hesabu ikanipotea.
Nikarudi ya Sita, kuanza upya.