Siku Tatu za Mwisho, Aberystwyth

Miezi mitatu nimekaa katika mji huu wa Wales
nikihesabu chipukizi ndani ya visahani vya kioo.
Bahari iko hatua mia mbili kutoka mlangoni
nami nilikuwa naijua kwa sauti tu,
kama jirani agombanaye na mumewe usiku
ambaye mchana hujawahi kumwona sura.

Jana nimerudisha kadi ya maabara, nimetia saini.
Ndahani akasema: "Basi tutembee,
tusije tukaulizwa Kongwa tumeona nini
tukajibu, majani."

Maana ndivyo mama alivyonicheka kwenye simu:
"Umepanda ndege mbili na treni,
umevaa makoti mawili,
kwenda kusomea nyasi?"
Nikamweleza nyasi za huku zina nambari,
kila aina ina kitanda chake,
zinapimwa joto kama wagonjwa.
Akanyamaza kidogo.
"Na mbuzi je? Hizo nambari wanazijua?"

Siku ya kwanza tulipanda kilima kwa kibehewa
kinachovutwa na kamba ya chuma,
taratibu hivi kwamba bibi mmoja na mbwa wake
walitupita kwa miguu.
Kileleni upepo ukamvua Ndahani kofia.
Tuliiangalia ikienda zake Ayalandi,
bila viza.

Tuliposhuka tukanunua chipsi.
Shakwe akala nusu yake,
akasimama kungoja nusu ya pili
kama mtu aliyelipa.

Siku ya pili mama mwenye nyumba, Eirlys,
alitupeleka mwenyewe Daraja la Shetani.
Madaraja matatu, moja juu ya mgongo wa jingine,
na maji chini yakisaga mawe.
Wanasema shetani alilijenga la kwanza
kwa ujira wa roho ya atakayetangulia kuvuka;
kikongwe akarusha mkate ng'ambo,
mbwa akaukimbilia.
"Fundi kapunjwa," akasema Ndahani,
ambaye bado anadai pesa za banda la Mpwapwa.

Njiani, juu ya lami, neno limeandikwa kwa rangi nyeupe:
ARAF.
Nikadhani Kiarabu. Nikatafuta msikiti.
Eirlys akacheka hadi gari likayumba:
ni Kiwelshi, maana yake polepole.
Kisha akaacha kucheka.
Bibi wa bibi yake, akasema,
alivishwa kibao shingoni shuleni
kwa kusema maji kwa lugha ya mama yake.
Kilipita shingo hadi shingo,
na aliyekuwa nacho jioni alichapwa.

Nikatazama kondoo nje ya dirisha.
Kibao hicho nakijua.
Changu kilikuwa cha mninga, kamba ya katani,
kidato cha pili, wiki nzima,
kwa sababu niliota usiku kwa Kigogo
na kiranja alikuwa macho.
Sikumwambia Eirlys yote.
Nilimwambia: "Kwetu pia."
Akabadilisha gia.
Kwa kilomita kadhaa hakuna aliyesema kitu
kwa lugha yoyote.

Leo ni ya tatu. Mabegi yamepimwa,
kilo mbili zimezidi, na zote ni vitabu.
Tumetembea ufukwe mzima, kichwa hadi mkia,
hadi pale njia inapoishia kilimani
penye fito za chuma.
Hapa kila mtu akifika huzipiga teke, ndipo arudi:
wazee, wanafunzi, mwanamke na kigari cha mtoto.
Nimewauliza wanne kwa nini.
Wanne wote wameinua mabega.

Nimepiga kwa kiatu cha kushoto,
kile kilichoingia maji tangu Novemba.
Chuma kikalia kidogo.
Ndahani amepiga mara mbili,
moja yake, moja ya kofia.

Kisha nikaona, kwenye ufa wa saruji,
shina jembamba limetokeza,
limelala upande wa upepo, lina mbegu.
Nikainama.

"Usianze," akasema Ndahani.