Wakia Kasoro Thumni

Dukani kwa Lorne, rafu ya chini, jirani na misumari,
boksi la risasi ishirini na tano limepanda tena.
Mimi ndiye nibanduaye bei ya juzi kwa ukucha:
kumi na mbili, kumi na sita,
leo ishirini kasoro senti.
Orest Hrycak alivaa miwani, akasoma,
akavua, akaifuta, akasoma tena,
kisha akalirudisha boksi taratibu
kama anayemlaza mtoto wa watu.

Foam Lake ni mji wa mtaa mmoja na upepo mwingi.
Jumatano jioni, nyuma ya ghala la ngano,
wanaume hufyatulia visahani vya udongo.
Nilipita kwa miguu, nikamwona:
wenzake wanatazama juu, yeye anatazama chini,
anaokota maganda yangali na joto.
Jekundu, mfukoni. Jekundu, mfukoni. La kijani akalitupa:
"Hili limechanika mdomo. Limeshasema mara sita."

Alinikaribisha chumba cha chini ya nyumba yake
kwa sababu niliuliza,
na tangu baridi ianze hakuna mwingine aliyeuliza.
Mashine ina mkono mmoja.
Vuta: fataki kuukuu inadondoka.
Vuta: mpya inaketi.
Baruti, kizibo, kisha marisau
kwa sauti ya mtama ukimiminwa kwenye ungo.
Vuta: mdomo unakunjwa marinda manane.

Nikacheka nilipoiona mizani.
Kwetu mizani ni ya ushairi.
Shangazi Mwanaesha aliirudisha barua ya posa
kwa silabi moja iliyozidi,
na bwana yule akaoa kwingine.
Orest hupima baruti kwa punje.
"Ikizidi, mtutu hupasuka,
na vidole havibadilishwi dukani kwenu."
Basi methali yetu ya haba na haba
nikaimeza palepale.
Humu kibaba hakijazwi.

Halafu akashusha sauti, ingawa tulikuwa wawili tu.
Bagi la marisau ni ratili ishirini na tano.
Wenzake hutia wakia na thumni:
wanapata risasi mia tatu hamsini na tano.
Yeye hutia wakia kasoro thumni:
mia nne hamsini na saba!
"Mia na mbili za bure," akasema,
"na kisahani hakijui kimepigwa na ngapi."

Alisema kwa Kiingereza, bila shaka.
Neno thumni nililitia mimi, lilijileta lenyewe,
nusu shilingi ya utoto wangu, nyeusi kwa jasho,
niliyotumwa nayo chumvi
nikarudi na peremende.

Doreen akateremka ngazi na daftari.
Hakuketi.
"Mashine, dola mia nne na kumi. Hiyo tuiache.
Zamani, boksi mbili kwa wiki, dola arobaini.
Siku hizi kila boksi tunaokoa saba.
Kwa hiyo bwana anapiga boksi sita,
ili aokoe zaidi.
Tumeokoa, mama, tumeokoa
mpaka tumefika sabini na nane."

Orest hakujibu.
Akavuta mkono wa mashine. Marinda manane.
Nami sikucheka, maana nyumbani kabatini
nina chupa tisa za siki
nilizonunua kwa kuwa ukinunua mbili ya tatu bure,
na sijui kupika chochote cha siki.

Jumatatu Lorne akanipa karatasi za bei mpya:
ishirini na moja.
Orest akaingia na theluji mabegani,
akaisoma bei bila miwani,
akacheka hadi akashika kaunta,
kicheko cha mtu aliyelipwa deni.
Akanunua mabagi mawili ya marisau, taslimu,
akasimama mkono wazi
akingoja chenji yake ya senti tano.
Nikamwekea kiganjani.
Akaihesabu.