Namba Thelathini na Tisa

Viatu vilitoka kwenye belo la Jumanne, Kiboriloni,
kahawia, soli nzima, kamba moja nyekundu, ya pili si yake.
Aliyevivaa kwanza alilemea upande wa kushoto.
Nilivificha chini ya meza, nyuma ya soksi,
na kila aliyeulizia namba thelathini na tisa
nilimwambia zimekwisha, labda wiki ijayo.

Miaka sita nimeuza makoti, glavu, kofia za sufu
kwa watu wanaokwenda juu,
na asubuhi, wingu likifunguka,
Kibo inachungulia juu ya bati la choo cha soko,
nami naipa mgongo, napanga mashati.

Maana nilikwenda. Watu wanajua nilikwenda.
Kikundi chetu cha vikoba, wanawake kumi na mmoja,
fulana za njano, wimbo wa kujitungia pale lango la Marangu.
Nilikuwa wa kwanza Mandara, wa kwanza Horombo,
nikiwacheka wenzangu waliokaa chini kufunga kamba.

Pangoni, usiku wa kilele, kichwa kikawa debe
na mtu ndani yake anapigilia misumari.
Nikaanza kuziita taa za chini kwa majina:
Pasua, Njoro, Majengo,
nikamwita na marehemu mama alete ufunguo.
Anaeli, mwongozaji, akanimulika machoni,
akaniuliza, Leo siku gani?
Nikasema, Siku ya belo.
Akasema, Tunashuka.

Hapo ndipo nilipomtukana.
Nilimwita mwizi. Nilimwambia anataka tu akalale.
Nikaongeza neno kuhusu mke wake aliyemkimbia,
neno la sokoni,
ambalo likishatoka halirudi hata kwa mnada.
Hakujibu. Alinishika mkanda kwa nyuma
kama mtoto anayejifunza kwenda,
akanishusha kwenye changarawe, hakuniachia hata mara moja.

Watano walifika. Picha zao ziko ukutani kwa mweka hazina.
Yangu ni ile ya langoni, mdomo wazi, naimba.

Februari hii nilimfuata kwake, Mamba, nikamlipa nusu.
Nikakata jani la isale mpakani mwa kihamba cha baba,
nikalifunga kwa kipande cha gazeti, nikapanda nalo.
Sikulitoa langoni. Sikulitoa Mandara, mvua ikinyesha,
wala Horombo, tulipokunywa uji
naye akanisimulia bei ya kahawa mpaka ikapoa.
Mgeni angeambiwa pole pole.
Mimi aliniambia, Fupisha hatua, Ndelilio,
mlima si deni.

Pangoni nikalifungua.
Limekunjika, ncha imebabuka kwa baridi.
Kwetu isale halikataliwi,
hata na aliyeuliwa nduguye.
Nikanyoosha mkono. Ulitetemeka, tuseme ni baridi.
Alizima taa ya kichwani.
Sijui gizani alifanya uso gani.
Nilisikia karatasi, kisha zipu ya koti,
kisha sauti yake: Leo siku gani?
Alhamisi, nikasema.
Haya, akasema. Twende.

Ya juu sitakusimulia. Kuna ubao, kuna upepo,
kuna watu wazima wanalia kwa lugha nyingi.
Barafu ni kidogo kuliko ile tuliyoichora shuleni.
Nilikaa dakika saba.

Viatu nimeviosha. Viko juu ya meza, mbele kabisa,
elfu arobaini na tano.
Jana binti mmoja alivipindapinda, akanusa, akauliza,
Hivi vimefika wapi?
Nikamwonyesha kwa kidevu, juu ya bati la choo.
Akacheka. Basi vimechoka, akasema, punguza.

Nikapunguza elfu tano.
Ile kamba isiyo yake nimebaki nayo.