Kontena la Nyembe

Namba yake naijua kuliko namba ya simu ya mamangu.
La futi ishirini, jekundu lililopauka,
lina kovu ubavuni,
na ndani, kwa mujibu wa karatasi nilizozipiga muhuri mwenyewe,
katoni elfu moja na mia mbili za nyembe
za kwenda Juba.

Tarehe tisa lilishuka melini.
Tarehe kumi na moja Bwana Lomoro alipiga simu,
sauti imejaa vumbi la njia yote ya Nimule:
"Ndugu Athmani, subiri kidogo. Pauni imeteleza."
Pauni yao. Nikacheka, Mungu anisamehe.
Nikamuuliza, imetelezea wapi, bafuni?
Hakucheka.

Siku za bure zikaisha.
Kisha ni dola. Ijumaa dola, Jumapili dola,
mchana wa Idi, sisi tunakula pilau,
lenyewe linakula dola.
Mgeni siku ya tatu hupewa jembe.
Kontena utalipa jembe likalime wapi?

Mwezi wa pili Lomoro alipiga tena.
"Nimebeba gunia la noti mpaka benki," akasema.
"Wameniuliza gunia nauza bei gani."
Safari hii alicheka yeye,
mimi ndiye niliyenyamaza.

Pale Miritini malori yamelala pua kwa mkia.
Utingo wanafua mashati na kuyaanika kwenye vioo vya pembeni.
Chengo wa pancha kafanya kiti cha mpira aliouziba Machi,
mwenyewe hajarudi kuuchukua.
Bi Mwanakombo, aliyekuwa akikanda kilo nane
kabla ya adhana ya alfajiri,
sasa akanda mbili, na mahamri yabaki.
Daftari lake limejaa:
*Kiprono chai mbili. Wafula mbaazi.
Yule mrefu wa trela ya buluu, siku nne.*
"Juba sijafika," aniambia, "hata Voi sijafika.
Lakini sufuria yangu yaijua."

Ofisini kwetu Shimanzi
Bwana Twalib alizima kiyoyozi kwanza.
Halafu chai ya saa nne ikawa ya kujinunulia.
Halafu Saumu wa mapokezi akaambiwa akapumzike.
Alikusanya vitu vyake kwenye mfuko wa unga:
kikombe, kanga, picha ya mwanawe,
na ile kalenda ya kampuni ya Lomoro
yenye mto na daraja,
akaitazama, akairudisha ukutani.

Tuliambiwa tangu utotoni:
mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.
Tuliyasikia, tuliyajua, tuliyaandika kwenye insha.
Lakini sisi hatukutia maji.
Sisi ndio tuliokuwa tukiuza wembe.

Likapigwa mnada, mwezi wa tano.
Nilisimama nyuma, jua la utosi,
mtu mmoja wa Kongowea akataja bei
ambayo haingelipa hata wino wa mihuri yangu.
Nyundo ikagonga. Kufuli likakatwa.
Nikampigia Lomoro, simu ikaita,
ikaita, mpaka ikachoka yenyewe.

Jana nilikwenda kwa Mwachiro kinyozi.
Barua yangu ilikuwa mfukoni, imekunjwa mara nne,
sikutaka kuifungua mbele za watu;
nilitaka tu kichwa kiwe safi nitakapoifungua.
Akanifunga shuka shingoni.
Akavuta droo, akatoa wembe mpya,
karatasi ya kijani, simba mdogo, nembo ileile.
"Siku hizi nyembe rahisi," akasema, "sijui zatoka wapi."

Nikamshika mkono.
Ndugu yangu, nikamwambia, pole pole.
Tia maji kwanza.